Wifi Akishakula

Kasowari wa Innisfail: Sehemu ya Tisa

Haya, msomaji, rudi pale pale tulipokuacha Jumapili iliyopita, maana hakuna aliyesogea hata hatua moja.

Zimebaki dakika tisa mchezo uanze. Enosa Tamwoy, kijana wa kisiwa cha Badu, yuko magotini katikati ya uwanja wa Innisfail, na suruali yake imelowa, kwa sababu msimu wa mvua sakafu ile hutoka jasho kuwashinda wachezaji. Mbele yake amesimama Tilda Direen wa Pengwini wa Hobart, mwanamke anayeongoza ligi nzima ya mpira wa kikapu kwa pointi. Watu elfu mbili wamemsikia Enosa akiuliza. Sasa wanasubiri jibu.

"Ndiyo," alisema Tilda. "Inuka basi, unalowa."

Ukumbi mzima ukalipuka kwa shangwe. Mashabiki wa Kasowari hawakuwa wamepata kitu cha kushangilia tangu Novemba, kwa hiyo walishangilia posa. Timu yao ilikuwa imefungwa mara kumi na tatu mfululizo.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Huyo alikuwa Kezia Tamwoy, dada yake Enosa, binti wa miaka kumi na tisa, chipukizi wa Kasowari. Katika timu ile ni yeye peke yake aliyeweza kumkaba Tilda Direen.

"Kezia, unaumwa?" aliuliza kocha wake.

"Kocha, yule ni wifi yangu."

"Hongera. Mkabe."

"Siwezi, Kocha. Kwetu wifi hamgusi wifi. Simzuii njia, simpokonyi kitu mkononi, simtazami usoni. Hata jina lake silitaji. Ndiyo adabu ya nyumba yetu."

Kocha Concetta Tomasello, binti wa wakulima wa miwa, Connie kwa mji mzima, alitafuta benchi kwa mkono akaketi. Safu ya mbele kabisa alikuwepo Mwenyekiti wa klabu, Desmond Quirk, na kwenye mfuko wa shati lake ilikuwemo barua. Mji wote uliijua barua ile, kwa sababu Mwenyekiti aliisoma kwa sauti baa mbili tofauti ili apate ushauri wa sarufi. Kasowari wakifungwa leo, mara ya kumi na nne, Connie hana kazi. Miaka kumi na moja ya ukocha ingeishia hapo hapo, kabla watu hawajamaliza bia zao.

"Nani anaijua sheria hiyo vizuri?" aliuliza Connie.

"Aka," alijibu Kezia.

Aka ndiye bibi yake, Aka Louisa, aliyeketi safu ya sita na ukoo wake, majokofu matatu ya plastiki yanayonukia kuku miguuni. Connie alimshika Kezia mkono wakapanda ngazi mbili mbili. Walijuana na Aka. Ili kumpata Kezia, Connie alikuwa amepanda ndege ndogo mara mbili kwenda Badu kumwomba.

"Shikamoo, Aka," alisema Kezia, akihema. "Yule ameshakuwa wifi yangu?"

Aka alimtazama Tilda kule chini, kuanzia viatu kwenda juu, na safari hiyo ilichukua muda.

"Amekula?" aliuliza.

"Amekula nini?"

"Chakula chetu. Amekula mkononi mwetu?"

"Bado, Aka."

"Basi huyo ni mtu tu na urefu wake. Kusema ndiyo hata mimi nilisema kwa wanaume watatu. Wa nyumbani ni aliyekula kwetu. Nenda kacheze."

Connie nusura ambusu. "Asante, Aka. Basi chakula kikae humo mpaka mechi iishe."

"Mwanangu Connie," alisema Aka, "mimi simpelekei. Lakini akija kuomba, nitampa. Sijawahi kuombwa chakula nikanyima, na leo sianzi."

Connie alishuka ngazi haraka kuliko alivyopanda. Pembeni ya benchi alikuwepo Dot Ruddle, nahodha wa timu, goti limefungwa bandeji, mkongojo kwapani. Dot asingecheza siku ile.

"Dot, nina kazi yako."

"Taulo au maji?"

"Mdomo wa Tilda Direen. Popote mdomo huo unapokwenda, nawe uende. Kisiingie kitu."

"Hata maji?"

"Maji ruhusa. Kuku marufuku."

Dot alikuwa ameichezea klabu ile miaka tisa, na mambo ya ajabu aliyokwisha kuambiwa humo yalikuwa mengi. Aliitikia kwa kichwa, akaenda na mkongojo wake kusimama nyuma ya benchi la wageni, macho kwenye mdomo wa Tilda.

Filimbi ikalia.

Sijui nikueleze vipi nusu ile ya kwanza, msomaji. Mimi nimewatazama Kasowari misimu sita, na nimezoea kutazama kwa jicho moja. Siku ile nilitazama kwa yote mawili. Kezia alimganda Tilda kama kupe. Tilda akigeuka kushoto, Kezia yupo. Akigeuka kulia, Kezia alishafika zamani. Mara tano Tilda aliudunda mpira ukarudi mikononi mwa mtu mwingine.

"Ndege wasioruka," alitania mlinzi mmoja wa Hobart, mapema, kabla hajachoka. "Mtafungaje vikapu?"

"Waulize pengwini wa kwenu wanavyofanya," alijibu Kezia, akampita, akafunga.

Hata Tilda mwenyewe alianza kucheka. "Wifi, niachie basi hata kimoja."

"Usiniite hivyo mpaka jioni," alisema Kezia. "Nakuomba."

"Kwani kuna nini jioni?"

"Utakula vizuri."

Mapumziko yalipofika, Kasowari walikuwa na pointi arobaini na moja, Pengwini thelathini. Tilda Direen, ambaye kwa kawaida hufunga ishirini na tano akiwa na mafua, alikuwa na nne. Watu walikuwa wakikumbatiana na jirani zao wasiowajua. Mwenyekiti alikuwa ameupapasa mfuko wake mara nyingi mpaka shati likakunjamana.

Na hapo ndipo Enosa alipofungua mdomo.

Kijana huyu hana ubaya wowote, niseme mapema. Ana furaha tu, na siku ile furaha yake haikuwa na mlango. Kocha wa Hobart, Neville Stagg, mwembamba, mpole wa sauti, alimkuta kaegemea uzio akijichekea peke yake.

"Hongera, kijana. Lakini dada yako leo ana nini? Anamfanya mchumba wako aonekane hajui mpira."

"Bahati mbaya tu, Mzee," alisema Enosa. "Tilda hajala. Angeonja kidogo chakula cha Aka, Kezia asingethubutu hata kumpita mbele."

"Kwa nini?"

"Si angekuwa wifi kamili? Wifi hagusi wifi. Mimi mwenyewe nimemfundisha Tilda yote hayo, anayajua vizuri. Ila anadhani yanaanza siku ya harusi, hilo la kula tu ndilo sikukumbuka kumwambia."

Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema. Wa Enosa ulikuwa unaponza timu nzima.

"Chakula gani hicho?" aliuliza Stagg taratibu.

"Kuku wa mchuzi mweusi na tambi. Na dampa, mkate wetu usio na hamira."

"Mimi ni mpenzi sana wa kuku," alisema Stagg.

Wakati huo Dot alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha wageni, mkongojo umekingama, hapiti hata nzi. Angesimama pale mpaka mwisho wa dunia kama si kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana," kilisema kipaza sauti, "sasa tunachezesha sinia la nyama."

Anayeijua Innisfail hahitaji maelezo. Wengine nawaambia hivi: kila mechi, wakati wa mapumziko, klabu huchezesha bahati nasibu, na mshindi huondoka na sinia kubwa la nyama kutoka buchani. Mtu namba yake ikitajwa ana dakika moja kujitokeza, la sivyo inachezeshwa upya. Nimeona mambo kwa ajili ya sinia lile. Nimemwona mtu akikimbia kutoka kwenye mazishi ya shemeji yake na tiketi mkononi, na mjane hakumlaumu.

"Tiketi za kijani. B, sabini na nne."

Dot alikuwa na tiketi kumi za kijani. Alizitoa kwenye soksi. Sabini. Sabini na moja.

"Sekunde arobaini," kilisema kipaza sauti.

Sabini na nne.

Dot aliutazama mlango. Akautazama ukumbi. Mlango ulikuwa umefungwa, kimya, na mtu mwenye mguu mmoja mzima akiamua anaweza kwenda na kurudi upesi sana. Aliruka na mkongojo wake mpaka meza ya bahati nasibu, akafika zimebaki sekunde tatu, na umati ukamshangilia kuliko walivyowahi kumshangilia akicheza.

Alirudi sinia kifuani, vipande vya kondoo vikimcheka, soseji zikining'inia. Mlango ulikuwa wazi. Tilda Direen alikuwa amesimama kizingitini na sahani ya plastiki, akitafuna. Kando yake shangazi mmoja wa Badu alikuwa akimfuta mchuzi kidevuni kwa upendo.

"Nilikuwa sina njaa sana," alisema Tilda, "lakini Kocha kaniambia nikamwombe bibi, ni heshima. Ni mtamu huyu kuku. Unataka?"

"Umemeza?" aliuliza Dot.

"Nimemeza. Na mkate pia."

"Karibu nyumbani, mwanangu, umeshakula kwetu, sasa ni wifi kamili," shangazi alimwambia Tilda.

Dot alizitazama zile nyama mikononi mwake. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kuichukia nyama ya kondoo.

Robo ya tatu ilianza na Tilda akipokea mpira. Kezia alikuwa mbele yake. Kezia alimwona shangazi kule safu ya sita akimpungia Tilda kwa furaha, akaiona sahani tupu, akaelewa. Akainamisha macho na kupisha njia.

Tilda alipita, akafunga. Alipita tena, akafunga. Connie alimtuma mlinzi mwingine, Bronwyn Hatch, binti shupavu lakini mfupi, na Tilda alifunga juu ya kichwa chake bila hata kuruka.

"Kezia, umelala?" watu walianza kupiga kelele. Wao hawakujua lolote.

"Nani kabaki bila kukabwa?" aliuliza Bronwyn, akizunguka. "Sema jina, Kezia."

"Yule," alisema Kezia.

"Yule nani?"

"Yule mrefu."

"Warefu wako watatu, dada, usinifanyie hivyo."

Arobaini na tatu kwa arobaini na nne. Arobaini na tatu kwa hamsini. Mwenyekiti Quirk aliitoa barua mfukoni, akainyoosha gotini.

Connie aliomba mapumziko mafupi. Wachezaji walimzunguka wakitota jasho. Dot alikaa mbali kidogo na sinia lake, hajui pa kuliweka.

"Nisamehe, Kocha," alisema Kezia, machozi yakimlenga. "Wewe ulinijia mpaka kwetu. Na leo mimi ndiye ninayekufukuzisha kazi."

"Nyamaza, mwanangu. Sikuombi uvunje adabu ya bibi yako. Hata mimi namwogopa. Nataka kujua kitu kimoja tu." Connie alimsogelea sikioni. "Adabu hiyo ni ya upande mmoja?"

Kezia aliinua kichwa polepole.

"Hapana," alisema. "Ni ya wote wawili."

"Ina maana hata yeye hawezi kukugusa."

"Hawezi. Wala kunizuia njia."

"Atafuata?"

"Atafuata, Kocha. Ni mwanamke mwenye heshima. Na Aka anamtazama."

Connie Tomasello, mtu aliyekuwa na nusu saa tu ya ajira, alicheka mpaka mwamuzi akageuka.

"Basi chukua mpira umwendee yeye. Usihangaike na wengine. Yeye tu, kila mara."

Kezia aliudunda mpira toka mwisho wa uwanja moja kwa moja mpaka kwa Tilda Direen. Tilda alitanua mikono kama alivyofundishwa tangu utoto. Kisha akakumbuka. Mikono ikashuka, macho yakashuka, akasogea pembeni kwa adabu kabisa, na Kezia akapita kama anayeingia sebuleni kwao. Pointi mbili.

"Tilda!" Stagg alisimama. "Unafanya nini?"

"Nampisha wifi yangu."

"Mzuie."

"Siwezi, Kocha. Nimekula."

"Umekula nini?"

"Kuku. Si wewe uliyenituma nikaombe?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Neville Stagg aliingia na viatu vyake.

Tangu hapo, msomaji, haukuwa tena mchezo unaoelezeka. Tilda akienda huku, Kezia anampisha, pointi mbili. Kezia akienda kule, Tilda anampisha, pointi mbili. Walipishana katikati ya uwanja wameinamisha vichwa, kama wanawake wawili wanaokutana mlango wa kanisa. Stagg alituma wachezaji wawili wamkabe Kezia, lakini Kezia alijifunza upesi kukaa karibu na Tilda. Popote alipokuwepo wifi yake palikuwa na nafasi, na wale wawili waliishia kugongana na mwenzao.

"Wasikilizaji," alisema mtangazaji wa redio, "nimetangaza mpira miaka thelathini, na kusema kweli sijui ninachokiona. Lakini nakipenda."

Mwenyekiti alikunja barua. Akaikunjua. Akaikunja tena. Sitini na nne kwa sitini na sita. Sabini na mbili kwa sabini na mbili. Mvua ilianza kupiga bati kwa nguvu, wafagiaji wakawa wanaingia na matambara kila filimbi ikilia, na watu waliokuwa na tabia ya kuondoka mapema kukwepa foleni ya maegesho walikuwa bado wamesimama juu ya viti.

Sekunde kumi na tano za mwisho. Pengwini sabini na tisa, Kasowari sabini na nane.

Tilda alirusha kutoka mbali. Mpira uligonga chuma na kurudi. Bronwyn mfupi, kwa njia ambayo mpaka leo haijulikani, aliudaka katikati ya warefu wanne na kumtupia Kezia.

Sekunde saba. Stagg alikuwa ameshaiona hatari na alikuwa akipunga mikono Tilda atolewe, lakini filimbi hailii mpira ukiwa unatembea. Tilda ndiye aliyewahi kurudi nyuma, na sasa alikuwa peke yake chini ya kikapu, kati ya Kezia na ushindi.

"Mkono, Tilda," Stagg alipiga kelele. "Mkono mmoja tu."

Sekunde tatu. Kezia alikuja. Tilda akainamisha macho, akapisha, kama alivyopisha mara kumi na nne kabla. Mguu ulipisha. Kichwa kilipisha. Lakini mtu aliyecheza mpira wa kulipwa miaka tisa, mkono wake hauna ukoo. Uliinuka wenyewe, ukashuka, ukampiga Kezia kwenye kiwiko, na sauti yake ilisikika mpaka safu ya sita.

Kezia alianguka kwenye lile jasho la sakafu akateleza mpaka miguuni mwa wapiga picha. Filimbi ililia. Saa ilikuwa imebakiza chini ya sekunde moja.

Mitupo miwili ya adhabu.

Mashabiki walipiga kelele za furaha. Safu ya sita hakuna aliyepiga. Shangazi alifunga kifuniko cha jokofu polepole, na Enosa alishika kichwa. Tilda alikuwa ameufunika mdomo kwa mkono ule ule uliokosea.

"Umenitoroka," alisema. "Mkono umenitoroka. Wifi, nisamehe."

Kezia alisimama kwenye mstari wa kutupia. Hakuweza kumtazama, hiyo adabu bado ilikuwepo, kwa hiyo aliutazama mpira.

"Nimekusikia," aliuambia mpira.

Connie hakuthubutu kuona. Aligeuka, akakipa kikapu mgongo, na macho yake yakaangukia uso wa Mwenyekiti. Basi akaitazama mechi yake humo. Aliona macho ya Mwenyekiti yakipanda, yakisimama, yakishuka. Akasikia ukumbi ukinguruma. Sabini na tisa kwa sabini na tisa.

Macho yakapanda tena. Safari hii hayakushuka. Yalibaki juu, yakazunguka kushoto, yakazunguka kulia, kwa sababu mpira ulikuwa unazunguka kwenye chuma, na Connie alihesabu mizunguko yote mitatu kwenye mboni za Desmond Quirk. Kisha mtu yule mzito, mwenye magoti mabovu, aliruka kutoka kwenye kiti akamwangukia Connie shingoni akilia.

"Umeingia!" alipiga kelele. "Connie, umeingia!"

Themanini kwa sabini na tisa. Pengwini walirusha mpira wa mwisho kutoka upande wa pili, ukaangukia kwa muuza chipsi. Kasowari wa Innisfail walikuwa wameshinda mechi ya kwanza ya msimu.

Nilimwona padri akimbeba Bronwyn mabegani. Nilimwona Dot akigawa soseji mbichi kwa watu asiowajua, moja baada ya nyingine, na watu wakizipokea kwa shukrani. Mwenyekiti aliichana ile barua vipande vinane, akavirusha juu kama mchele wa harusi, na alipovirusha alisahau kwamba viwili bado vilikuwa vinasomeka. Connie alicheka na kulia kwa zamu. Kazi anayo. Alimkumbatia Kezia mpaka binti wa watu akaomba hewa.

Ndipo kelele zikaanza kupungua, kutokea upande wa ngazi. Aka Louisa alikuwa anashuka.

Alishuka taratibu, ukoo mzima nyuma yake. Alipofika uwanjani, Tilda alikuwa tayari amesimama mbele yake, kichwa chini, mrefu kumzidi mara mbili na mdogo kwa kila namna nyingine.

"Leo," alisema Aka, "mke mtarajiwa wa mjukuu wangu amempiga wifi yake mbele ya watu elfu mbili."

"Ulikuwa mkono tu, Aka," alisema Enosa.

"Wewe nyamaza. Kazi ya mdomo wako tumeshaiona." Aka alimgeukia Tilda, na sauti yake ikalainika. "Wewe sikulaumu, mwanangu. Ulipisha vizuri, nilikuwa nahesabu. Mkono hauna kosa. Kosa ni kuwasimamisha mawifi wawili na jezi mbili. Hilo halitatokea tena katika nyumba yangu. Mtacheza timu moja, au harusi hakuna."

"Timu ipi, Aka?" aliuliza Kezia.

"Mimi mambo ya jezi siyajui. Mmoja wenu ahame. Napanda ndege Jumamosi, na nataka kuondoka na jibu."

Moyo wa Connie uliruka. Tilda Direen na Kezia Tamwoy, jezi moja, Innisfail. Alishaanza kuwapanga kichwani, nani atoe pasi, nani amalizie, na vikombe vitawekwa kabati gani.

"Aka," alisema Tilda kwa uchungu, "mimi nimesaini Hobart miaka mitatu. Haivunjiki. Hata wakili wangu alijaribu."

Vichwa vyote vikamgeukia Kezia.

Neville Stagg, ambaye muda wote alikuwa ameketi kaufunika uso kwa taulo, aliliondoa taulo. Alisimama, akanyoosha shati, akaja na ile sauti yake ya upole.

"Samahani kwa kuingilia mambo ya familia," alisema. "Huyu binti, mkataba wake unaisha lini?"

Connie ndiye aliyejua. Tangu Desemba alikuwa akimpelekea Mwenyekiti karatasi za Kezia amwongezee miaka, na kila wiki Mwenyekiti alijibu kwamba hasaini kitu mpaka ijulikane kocha ni nani. Zilikuwa bado mezani kwake, chini ya kikombe cha chai. Connie alijitupa upande wa Mwenyekiti, mkono mbele, auzibe mdomo ule kabla haujafunguka.

Lakini sakafu ilikuwa na maji, Connie aliteleza, na Mwenyekiti Desmond Quirk siku ile alikuwa na furaha ya kumjibu mtu yeyote kitu chochote.

"Ijumaa," alisema, akicheka.